Nesi Alisema Nini Kuhusu Chai?

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, kati ya karakana ya Fundi Geti na kibanda cha Kinyozi. Jumanne ile, saa kumi alasiri, tulikuwa wanne: mimi mpiga pasi, Kinyozi, Mstaafu aliyekuwa karani wa posta, mwenye watoto saba, na Fundi Geti mwenyewe. Mkewe ana mimba ya kwanza, miezi sita. Asubuhi alikuwa amemsindikiza kliniki, na sasa kahawa ilikuwa inampoa mkononi.

FUNDI GETI: Jamani, nimevurugwa. Nesi kasema damu ya mke wangu iko chini. Kanipa vidonge, kanieleza chakula, mimi naitikia tu ndiyo, ndiyo. Kufika nje, kichwa cheupe.

MIMI: Si umuulize mkeo?

FUNDI GETI: Alikuwa chumba cha pili anatolewa damu. Niliambiwa mimi, nikamweleze.

KINYOZI: Hukumbuki hata neno?

FUNDI GETI: Nakumbuka chai. Na saa moja.

MSTAAFU: Basi anywe chai saa moja. Tatizo liko wapi?

FUNDI GETI: Saa moja ya asubuhi au ya jioni? Au ni saa moja kabla ya kula? Au asinywe kabisa?

KINYOZI: Hivyo vidonge vina nini ndani?

FUNDI GETI: Madini ya chuma.

KINYOZI: Aa! Chuma kikilowa si kinashika kutu? Wewe unachomelea mageti, hilo la kuuliza? Ndiyo maana chai imekatazwa.

FUNDI GETI: Na maji je?

Tukatazamana. Hilo hatukuwa tumelifikiria.

KINYOZI: Maji nayo… apunguze. Na mayai asiguse, mtoto atatoka na upara. Nimenyoa vichwa miaka kumi na minane, najua ninachosema.

MSTAAFU: Muhimu asile sana. Mtoto ni kama bahasha, ikijaa mno haipiti kwenye tundu la sanduku.

MIMI: Damu ni nyekundu, mpe soda nyekundu.

Nilisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, Mungu anisamehe. Fundi Geti alikuwa anahesabu kwa vidole: chai hapana, maji kidogo, mayai hapana, chakula kidogo, soda ndiyo. Akafika kidole cha tano, akaanza upya.

Hapo akatokea shemeji yake, mdogo wa mkewe, ana mfuko wa mboga za majani. Akatuamkia.

SHEMEJI: Shemeji, nakwenda kwako. Dada amekula nini leo?

Fundi Geti akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Mstaafu.

FUNDI GETI: Nilimwambia asubiri kwanza.

SHEMEJI: Asubiri nini?

FUNDI GETI: Nipate uhakika. Nisije nikamdhuru.

SHEMEJI: Shemeji, alitoka alfajiri bila hata kikombe cha uji. Sasa hivi ni saa kumi!

Fundi Geti aliweka kikombe chini, kikapinduka, naye tayari alikuwa anakimbia na aproni yake ya ngozi. Shemeji nyuma yake.

Walimkuta amelala sakafuni kwenye ubaridi, kizunguzungu kimemshika, vidonge viko mezani havijaguswa. Shemeji akampa maji, akamkorogea uji, akamchemshia mayai mawili. Alipopata nguvu ya kuongea, alimwambia mumewe, "Nilidhani nesi ndiye kasema nisile."

Kesho yake asubuhi walirudi kliniki, safari hii wakakaa pamoja mbele ya nesi. Jioni Fundi Geti akaja benchini na karatasi, akatusomea polepole: kidonge ameze kila siku kwa maji, chai akae nayo mbali, isiwe pamoja na chakula wala kidonge, apishe angalau saa moja, mayai ale, maharage ale, mboga za majani na matunda ale, na kwa siku aongeze mlo mmoja.

Kinyozi akajikuna kisogo. Mimi nikashughulika na kola ya shati ambayo ilikuwa imeshanyooka.

MSTAAFU: Hebu rudia hapo pa damu kuwa chini. Dalili zake?

FUNDI GETI: Kuchoka sana. Kizunguzungu. Kuanguka.



MSTAAFU: Mama watoto, mimba ya nne, alikuwa anaanguka ovyo jikoni. Mimi nilikuwa namwita mvivu. Sasa hilo mtu anamwambiaje mkewe, baada ya miaka thelathini?

Fundi Geti akaikunja ile karatasi, akamsogezea.