Maboksi ya Uvunguni

Fundi cherehani, jirani yetu, amesema kwa miaka kumi na miwili kwamba vitabu vya Darasa la Saba vilioza uvunguni mwa kitanda cha marehemu. Sisi wa nyumbani tulimwambia ashone nguo, aache kushona maneno. Hata mwezi uliopita nilimkatalia.

Marehemu, mjomba wangu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni, kitindamimba wa bibi. Alisoma shule ya msingi mtaani hapo hapo, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1970.

Alianza kazi Januari 1971, serikali ilipotaka mtoto asome huku analima. Siku moja mwanafunzi alijikata kidole cha mguu kwa jembe la shule, marehemu akambeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alimpokea hivi: "Mwalimu, unafundisha au unachinja?" Wawili hao walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977.

Serikali zikabadilika. Iliyofuata ilikusanya majembe, ikataka mtoto ajue kuuza na kununua. Kurasa za siasa ya zamani ziliamriwa zifunikwe. Marehemu akakoroga gundi ya unga, darasa likabandika karatasi siku tatu. Mwaka haujaisha, ukaja waraka mwingine: bandueni. Kurasa zikachanika. Tangu hapo alikuwa akisema, "Waraka ni mafua. Usihangaike nao, utapita."

Mwaka 1998 yalikuja maboksi manne ya vitabu vya mtaala mpya. Nilikuwa Darasa la Saba, darasani kwake. Tuliendelea na vya zamani. Novemba, mtihani ukatoka kwenye vipya. Tulikuwa arobaini na mmoja, wakafaulu wawili. Mkaguzi akatuita darasa la mbumbumbu, na mtaa ukalidaka jina hilo. Marehemu alikuwa amesimama mlangoni, chaki mkononi. Shule yangu iliishia hapo.

Alistaafu mwaka 2009. Januari mwaka huu miguu ilianza kuvimba, daktari akasema ni moyo. Alifariki Jumanne, tarehe 7 Juni 2011, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mimi, mpwa wake aliyemlea.

Jumapili ile kabla hajatutoka nilikuwa namlisha uji, mwanangu mgongoni. Akasukuma kijiko.

"Mama," akasema. Ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Yule fundi si mwongo. Maboksi yalikuwepo. Nililala juu yake mwaka ule mzima, nasubiri upepo ugeuke."

"Mjomba, kula kwanza."

"Nitakula. Lakini ukisoma wasifu wangu, usinipake rangi. Waambie lile darasa halikuwa la mbumbumbu. Mbumbumbu alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeshika chaki. Utasema?"

Nimesema, mjomba. Sasa pumzika.