Maman Nzigire na Harufu ya Tangawizi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko Kamembe unafungua duka, kama uko Gashonga unamenya mihogo, kama uko kwenye foleni ya mpakani na mzigo kichwani, tupe sikio lako kidogo. Leo tunamkumbuka Maman Nzigire. Wengi wenu mlimjua. Aliuza maharagwe ng'ambo, Bukavu, miaka na miaka, na sauti yake ilivuka daraja kabla yake. Tulimzika Jumamosi iliyopita. Maman Nzigire, mke wa fundi cherehani Murhula, mama yake Feza.

Mtu akifa tunamsifu hata kwa sifa asizokuwa nazo. Leo hatutafanya hivyo, maana yeye mwenyewe angetupigia simu hapa studioni kukanusha. Maman Nzigire alikuwa na wivu. Wivu mkali, na hakuuficha. Mteja wa kike akikawia kupimwa nguo barazani kwa mumewe, Nzigire alikuja kushika utepe wa kupimia kwa mkono wake. Na kwa wivu huohuo tunamkumbuka leo, kwa sababu ulimfaa.

Sikilizeni ilivyokuwa. Mzee Murhula alivuta sigara, na sigara yake ya asubuhi haikuwashwa kwa kiberiti. Iliwashwa na mkewe. Nzigire alipokuwa msichana alimwashia bibi yake kiko, na alipoolewa alikuja na desturi ile. Kila asubuhi, kabla ya kwenda mpakani, aliinama kwenye jiko la makaa, ile mbabula yake, sigara mdomoni. Aliigusisha kwenye kaa, akavuta mpaka ikashika, kisha akampelekea mumewe barazani. Hapo ndipo walipozungumza. Mambo ya watoto, mambo ya shemeji mgomvi, yote yalisemwa wakati sigara ile inaungua. Murhula alipoanza kukohoa, Nzigire alimwambia aache. Alimwambia kila siku. Mdomo ulisema acha, mkono ukapeleka moto.

Basi mwaka mmoja, mvua zilipokuwa zinaisha, Murhula akaikataa sigara yake. Alisema hajisikii tu. Kesho yake akakataa tena. Nzigire akabaki amesimama barazani, sigara inamuungulia mkononi. Akaimaliza mwenyewe.

Kisha akaanza kuona mengine. Kila Jumanne mumewe anafunga cherehani mapema. Anaoga mchana. Anavaa shati jeupe la misa. Na akirudi, ananukia tangawizi. Sasa, wasikilizaji wapendwa, kwa Maman Nzigire hakukuwa na tangawizi. Hakuipenda, na haikuingia jikoni mwake. Mume akinukia tangawizi, basi kuna jiko lingine linalompikia chai. Hivyo ndivyo alivyopiga hesabu zake. Feza anakumbuka mama yake akiinusa kola ya shati lile kabla ya kulifua, na macho yamemwiva.

Jumanne moja hakwenda Bukavu. Alimwachia jirani mzigo wake, akajitanda kitenge kichwani, akamfuata mumewe kwa mbali. Murhula alipita soko, akapita msikiti, akaingia kituo cha afya. Nzigire akasimama kwenye dirisha. Ndani alimwona mumewe ameketi mbele ya muuguzi, mwanamke mwenye sauti ya upole. Muuguzi anauliza, Murhula anajibu. Anajibu kwa kirefu, tena anacheka. Mzee huyu ambaye siku hizi nyumbani jibu lake lilikuwa kuguna, hapa alikuwa anamwaga ya moyoni. Nzigire alisema baadaye kwamba angewakuta wameshikana mikono, angeumia kidogo. Kule kuzungumza ndiko kulikomchoma.

Aliingia bila kubisha hodi.

"Munganga, huyu ni bwana yangu," alisema. "Miaka yote namuambia aache hii moshi, hanisikiake. Weye unamuambia kidogo tu, anaacha. Unamupatia nini?"

Muuguzi yule aliitwa Mukamurenzi. Hakukasirika. Alimpa kiti, akamweleza kwamba anachompa ni maswali. Kwa nini unataka kuacha? Hamu inakushika saa ngapi? Ikikushika, utafanya nini? Walichagua pamoja siku ya kuacha. Hamu ikija, mzee atafune kipande cha tangawizi, anywe maji polepole, anyanyuke atembee mpaka ipite. Maana hamu hupita, hata usipovuta. Na akiteleza, arudi aseme, hatagombezwa. Muuguzi alikuwa amemsihi tangu mwanzo amwambie mkewe. Murhula alikataa. Aliwahi kujaribu kuacha zamani, akashindwa, na Nzigire akawasimulia wanawake wa soko zima wakacheka. Aliogopa kuchekwa tena.

Nzigire alivuta kiti chake karibu na cha mumewe. Mukamurenzi akamgeukia. "Na weye, Maman, unavutaka?"

"Miye sivutake. Namuwashiaka tu."

"Tangu lini?"

Alifungua mdomo kujibu. Akaikumbuka harusi yake. Akakikumbuka kiko cha bibi yake. Akakumbuka pia kwamba asubuhi ileile, mumewe amekataa, yeye aliwasha sigara akaivuta peke yake nyuma ya nyumba, akijiambia ni hasira. Akasema, tangu usichana.

Muuguzi akamwambia taratibu kwamba na yeye ni mvutaji, na kwamba moshi ule haukuchagua kifua. Akamuuliza kama angependa kuacha. Nzigire akamtazama mumewe, kisha muuguzi, kisha mumewe tena.

"Kama yeye ameweza mbele yako," alisema, "miye nitamupita."

Kwa wivu, wasikilizaji wapendwa. Hakutaka mumewe akalie kile kiti peke yake. Kuanzia hapo walikwenda wote wawili kila Jumanne, na Nzigire alikaa katikati. Kwake ilikuwa ngumu kuliko kwa Murhula. Aliteleza mpakani, akateleza msibani kwa shangazi yake. Kila mara alirudi akasema, na hakugombezwa. Hilo lilimshangaza, kwa sababu yeye angegombeza. Nyumbani akaanza kumuuliza Murhula maswali yaleyale ya muuguzi, neno kwa neno, ili mzee asiwe na sababu ya kupeleka majibu kwingine. Tangawizi ikaingia jikoni. Asubuhi akampelekea mumewe chai barazani, ameionja yeye kwanza, na mazungumzo yao yakarudi.

Sigara ilikwisha. Wivu haukwisha. Mpaka mwisho alimwita Mukamurenzi "ule wa tangawizi." Presha ilipomlaza kitandani, alimwagiza Feza: "Siku ya kilio mutamuita ule munganga. Lakini asikae karibu na papa yenu."

Mukamurenzi alikuja, akakaa kwa wanawake, mbali. Upande wa wanaume, rafiki wa zamani, Bizimana, alimwonea Murhula huruma. Akamnyooshea sigara, akamwambia kwamba leo hakuna atakayemlaumu. Murhula akaipokea. Watu wote waliona. Feza anasema muuguzi alinyanyuka nusu, akakumbuka agizo la marehemu, akakaa tena. Murhula aliitazama mbabula iliyokuwa inawaka uani. Kisha akamrudishia Bizimana sigara yake.

"Nani ataniwashia?" aliuliza.

Mzee Murhula, Feza, na ukoo wote hapa Rusizi na kule Bukavu, poleni sana. Mungu ampumzishe Maman Nzigire. Na wewe unayetusikiliza ukiwa na sigara mkononi, au unayemwashia mwenzako na kujihesabu kuwa si mvutaji, jifikirie. Kituo cha afya kiko wazi. Nenda uulizwe, na kama mko wawili, nendeni wote.

Feza ametuambia kwamba leo asubuhi alimpelekea baba yake chai barazani. Mzee akamrudishia kikombe, akamwomba aionje kwanza. Feza akaonja.