Ndege Aliyemliza Mzungu

Benchi la Zuleika liko Namuwongo, kando ya reli, na kahawa yake ya tangawizi hufungua midomo. Jumapili ile walikuwepo wenyewe: Sulaimani fundi simu, ambaye tunamwita Profesa, Guerschom, Mkongomani muuza vitenge, msikilizaji tu, na Kamis, Mnubi anayeendesha watalii, jina lake la kijiweni Sajenti. Kamis ndiyo kwanza ametoka msitu wa Bwindi, na macho bado yamemtoka.

— Mzungu mzima, ndevu nyeupe, amepiga magoti kwenye matope, analia! Sababu ni ndege!

— Wallahi! — Zuleika akashika kichwa. — Imeanguka wapi?

— Si ya Entebbe, mama. Ndege ya mtini. Hii hapa.

Akatoa simu. Kwenye picha alikuwa ndege mdogo, kijani kama jani changa, kooni buluu.

— Ameitafuta miaka mingi. Wenzake wamekufa bila kuiona.

— Hiyo ni dawa, — Profesa akasema. — Manyoya yake inatibu kisukari.

— Hakuigusa hata!

— Basi chini ya kiota kuna dhahabu. Wazungu wanajua.

— Banange, jamani, mimi naona ni jini, — Zuleika akasema huku akisukuma chapati. — Jini la marehemu mke wake.

Simu ikamfikia Guerschom. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama sana.

— Hii, sisi tulikula.

— Mlikula nini?

— Hii ndege. Kule kwetu Itombwe. Tulikuwa tunakimbia vita, tunalala porini. Nilipiga na jiwe.

Kamis aliruka akasimama. Kahawa ikammwagikia suruali, wala hakuangalia.

— Guerschom! Mtu amevuka bahari aione tu, akalia!

— Mama pia alilia, nilipomletea.

Kamis akaketi tena.

— Haikuwa na nyama, — Guerschom akaendelea, taratibu. — Aligawia wadogo zangu. Yeye alilamba vidole.

Msichana mmoja alikuwa amesimama pale akingoja chapati, mgeni kabisa kijiweni. Alanyo, mwanafunzi kutoka Wandegeya. Akauliza kwa upole:

— Na mama yako, kaka, yuko wapi sasa?

Guerschom alimrudishia Kamis simu yake. Sote tukatazama reli. Chapati ikaanza kuungua, na Zuleika hakuigeuza.