Fisi Aliyemeza Dhahabu na Shikamoo Zisizoitikiwa

Maneno haya kuhusu Mwalimu Onesmo Mabula yamesemwa na dada yake, Apolonia, ambaye hakusoma. Yameandikwa na yanasomwa na Rhoda, binti wa marehemu, ambaye ameonywa asipunguze ukali.

Marehemu alizaliwa Didia, tarehe 14 Machi 1957, akitanguliwa na dada huyo kwa miaka sita. Alizaliwa analia, na hakunyamaza siku nane, mpaka kuku wa jirani wakahama kijiji. Wapo watakaosema ni chumvi. Hao hawakumbeba mgongoni.

Mwaka 1965 baba yao alisema mmoja aende shule, mwingine abaki na ndama. Akaenda Onesmo. Jioni yeye alirudi na herufi, dada akarudi na kupe. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, akapitia chuo cha ualimu, akafundisha Maganzo tangu 1977 na Nyarugusu kuanzia 1994 hadi alipostaafu mwaka 2017. Mwaka 1981 alifunga ndoa na Serafina, mwanamke mvumilivu kuliko alivyostahili kumpata.

Kule Nyarugusu watoto walikuwa wakitoroka darasani kwenda kuponda mawe ya dhahabu. Vitabu vilivyokuwapo vilikuwa na picha ya mtoto anapiga mswaki. Nani aache dhahabu akatazame mswaki? Ndipo marehemu alipochukua hadithi ya dada yake, ya fisi aliyemeza dhahabu ya mchimbaji, kambi nzima ikamfuata na mabeseni wiki mbili ikingoja ajisaidie. Akaichapisha Mwanza mwaka 2016. Jalada likasema: Mwalimu Onesmo Mabula. Basi, hakuna mwingine.

Tena alikuwa na hila. Kila nakala aliikata ukurasa wa mwisho kwa wembe, kurasa akazificha ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Mtoto akisoma kitabu chote kwa sauti bila kukwama, anapewa ukurasa wake, na anaapa kutomwambia mtu yaliyomo. Hata adui apewe haki yake: watoto waliacha mawe. Walimkimbilia njiani, vumbi limewajaa hadi kwenye kope.

"Mwalimu, fisi amekunya au bado?"

"Soma!"

Krismasi ya mwaka huo alikuja Didia akamsomea dada yake. Fisi amezingirwa, mabeseni yamenyanyuliwa, mara kitabu kikafungwa.

"Halafu?"

"Halafu ni ukurasa wa mwisho, dada. Ukijifunza kusoma, utapewa."

"Bhebhe, wewe Onesmo! Hadithi nimekupa mimi, leo unaninyima mwisho wake?"

"Mwisho huu siyo ule ulionipa."

Kumbe kaiba, na alichoiba kakiharibu! Tangu siku hiyo dada alimwita mwizi, gulioni na kanisani. Marehemu alipostaafu akarudi Didia, kila asubuhi alipita uani kwake: "Shikamoo, dada." Dada akapepeta mahindi. Miaka minane hakuitikia marahaba hata moja. Watoto wa Didia nao, aliowasomesha kitabu hicho, walipomwona walicheka, "Bibi, ukurasa wa mwisho!" naye akawarushia kandambili.

Marehemu aligundulika na kisukari mwaka 2019. Mwaka jana figo nazo zikachoka. Dada alimpelekea uji kila siku, akauweka, akaondoka bila neno. Jumapili tarehe 8 Juni 2025, marehemu alisema kwa shida, "Shikamoo, dada."

"Fisi aliishia wapi?"

Akacheka. "Kopo."

Jumatatu saa moja asubuhi akafariki nyumbani, bado hajaitikiwa.

Kopo limefunguliwa jana. Lilikuwa na ukurasa mmoja tu. Dada hajui kusoma, lakini jina lake analijua kwa sura, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake, maana liko kwenye kadi yake ya kupigia kura. Akaliona limekaa pale chini, kwa wino wa kiwanda, limechapwa kama kwenye nakala zote. Rhoda akamsomea mstari huo: "Hadithi hii si yangu. Ni ya dada yangu Apolonia Mabula, aliyechunga ndama ili mimi nisome."

Wale watoto wote walikuwa wanajua! Na mwizi gani huyu anayeficha haki ya mtu ndani ya kopo, wakati jalada lina nafasi tele? Angeandika mbele, dada angeokoa miaka minane ya matusi. Hilo hajasamehewa, na ajue hivyo huko aliko.

Fisi aliishiaje? Anayetaka kujua akasome. Ukurasa umefungwa kwenye pindo la khanga ya dada, na hauzikwi.

Marehemu ameacha mjane, Serafina, watoto watatu, Rhoda, Mwigulu na Agnetha, wajukuu saba, na dada mmoja, ambaye hasira yake haijaisha. Mungu ampumzishe kwa amani.

Na zile shikamoo zako zote, Onesmo, mwizi wewe: marahaba.