Kiwanja cha Mwalimu wa Nyimbo

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka nisikie mnavyopumua, na huyo anayekoroga chai aweke kijiko chini, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki igombane na vikombe. Akurut, binti yangu, chungulia barabarani: Mwalimu Oluka amepita na sanduku lake? Bado? Basi nitasema haraka. Titus, keti. Umesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Lori lako likiondoka Malaba litarudi. Mimi nikiondoka sirudi.

Ng'ombe wa baba yenu ni wako, Titus, pamoja na shamba la mtoni. Yule jirani aliyesogeza mpaka tukiwa matangani msimpige, mwambieni tu kwamba nilimwona. Nyumba hii ni ya Akurut, na mtu asimwambie aolewe aende. Aliolewa, akarudi, yatosha. Lakini kile kiwanja cha kando ya barabara ndicho kinanigeuzageuza kitandani, Titus, kwa sababu najua umeshakipima kwa macho, unataka kuegesha malori. Nasema hapana. Hicho ni cha Mwalimu Oluka.

Usikohoe. Najua unachotaka kusema: "Mama, huyo si wa ukoo wetu, ni mtu wa Tororo, na kama chumba alichopanga kimebomolewa kupanua barabara, si arudi kwao?" Ndiyo, anarudi leo hii, kwa kukosa pa kulala, na shule itabaki na kengele tu.

Mimi sikusoma, lakini nakumbuka, kabla ya uhuru, Akurut alivyokuwa ametoka shule, anapepeta mtama huku anaimba "mi, fa, mi, fa", na babu yenu amelala ndani hoi. Baba yenu Emojong akasikia "mimi nafa". Akachukua fimbo ya ng'ombe, akaenda shuleni mbio, mimi nyuma yake na unga mikononi. "Wewe mwalimu, ndiwe unafundisha binti yangu kujiitia kifo?" Oluka hakucheka. Akasema, "Karibu mzee. Hayo ni majina ya sauti tu, zinapanda kama ngazi, na mimi sina mtu wa kukaa chini kabisa. Hebu nishikie hii: do." Baba yenu akaishika. Watoto wakapanda juu yake, sauti ya tatu, ya pili, ya kwanza, naye amefumba macho, mtu ambaye hakuniimbia hata siku ya arusi! Tulirudi bila fimbo, ananguruma do njia nzima, mbwa wa watu wanabweka.

Tangu hapo boma hili halikujua jioni ya kimya. Babu yenu tulimzika kwa sauti nne. Na wewe Titus, uliyekuwa ukiona haya hata kuitika jina lako, ile sauti unayompigia dereva arudi nyuma mpaka watu ng'ambo ya mto wanageuka, ulizaliwa nayo? Oluka aliichimba ndani yako kila jioni, akikwambia, "Shuka, kijana, shuka tena, bado kuna sakafu." Kwa sauti hiyo ulipata utaniboi, kazi ya kumsaidia dereva wa lori. Ndiyo unayokulia ugali. Halafu...

Nini, Akurut? Anapita? Mwite! Hakusikii, malori yananguruma. Titus. Titus, mwanangu, mwite wewe. Utaegesha wapi malori, hilo utalijua kesho. Mwite!

...Ee. Amesimama? Ameshusha sanduku? Haya. Haya.

Sasa maji kidogo. Mnizike kando ya Emojong, na msikodi gramafoni, mwalimu yupo. Msigombane mbele ya wageni. Akurut, funika unga. Mungu, Edeke wetu, awape... awape usingizi, na watoto wenye kelele, na mkiitana, msikiane. Nani ameshika mkono wangu? Usiuachie bado. Waambie waanze... polepole... mimi nitashika ya chini...

Baada ya matanga, Titus alirithi ng'ombe na shamba la mtoni, malori akayatafutia mahali pengine. Akurut alirithi nyumba na vyungu vyote. Mwalimu Oluka alirithi kiwanja, akajenga chumba kidogo cha kulala na kingine kikubwa kisicho na mlango, kwa sababu, alisema, watoto hufika kabla ya mwenye ufunguo.