Shamba la Baba

Lori lililopeleka kabichi mjini lilikuwa linarudi Mgeta, nasi abiria tumekalia mifuko ya mbolea. Amosi, mwalimu wa Kiingereza aliyeoa huku kwetu, alikuwa anatoka kwenye semina ya jinsia. Begi la semina alilipakata kama mtoto mchanga.

"Wasichana wenu hawachangamki darasani," alimwambia Veronika, muuza karoti asiyemfahamu. "Nawataka waseme kwa Kiingereza kwamba baba ana shamba. Wavulana wanasema, wao kimya."

"Kwetu shamba ni la ukoo wa mama," Veronika akasema. "Unataka waseme uongo?"

"Kitabu kinasema baba."

"Hicho kitabu kimelima wapi?"

Amosi akamweleza, kwa ule upole wa semina, kwamba lugha ya watu huja na desturi zao. Veronika akasema basi wenye hiyo lugha nao waje wapalilie.

Lori likasimama. Mama mkwe wa Amosi alikuwa anangoja barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shusha mbolea, baba, uiwahishe shambani kwangu."

Amosi akajitwika mfuko. Veronika akamuuliza kutoka juu ya lori, hilo shamba la mama mkwe linasemwaje kwa Kiingereza, ila dereva alikuwa ameshaondoa lori.