Kaja Wodini Nimpime Kiuno

Kwenye kiti cha mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana, lakini basi halijafika hata kituo cha pili, yule mwembamba, fundi cherehani aliyetoka kupasuliwa tumbo, alikuwa ameshaanza kumwaga ya moyoni.

"Mama, rafiki zangu wote walijua nimelazwa. Hakuna aliyeniletea hata uji! Siku moja namwona shoga yangu wa kufa na kuzikana anaingia wodini. Nikajikokota nikae, machozi yananilenga. Kumbe kabeba kitambaa! Ana harusi, eti nimpime kiuno tu, kushona nitashona nikipona."

"Wewe na dripu mkononi?"

"Na dripu mkononi! Na mimi mjinga nikatoa futi kwenye mkoba, nikampima. Muuguzi ndiye aliyemfukuza."

"Huyo si rafiki, ni mnyama!" alifoka yule mama, kwa sauti iliyomgeuza shingo hata dereva. "Watu hawana haya! Mgonjwa si aachwe apumzike?"

Fundi alishusha pumzi. Nikasema moyoni, afadhali kapata wa kumwelewa. Mama akaupapasa mfuko uliokuwa mapajani mwake.

"Hivi mwanangu, blauzi ya mikono mifupi, isiyo na mambo mengi, huwa inakuchukua muda gani?"

Basi likasimama kwenye kituo changu. Fundi alikuwa ameingiza mkono kwenye mkoba, na mpaka nateremka sikujua anatafuta leso au ile futi.